Meza ya kuhama nayo: shajara ya viungo vya mbao, Katuba, Lubumbashi

Julai, baridi ya asubuhi

Kazi mpya imeingia: meza ya kulia ya watu wanane na mabenchi mawili, ya familia inayopanga hapa hapa Katuba. Mama wa familia alifika karakana na mguu wa meza yao ya zamani ndani ya mfuko. "Papa fundi, tulihama nayo mara moja tu, ikaachia. Sasa unitengenezee ingine, ya kuhama nayo." Sharti lake ni hilo. Urefu, umbo na aina ya mbao ameniachia mimi.

Kabla ya kuchora chochote nimeuweka mguu ule juu ya meza ya kazi na kuukagua. Ni mkaratusi, sentimita saba kwa saba, na mbao yenyewe ni nzima. Haina ufa wala mahali palipokatika. Matundu ya misumari ndiyo yamepanuka, yamekuwa marefu kwa upande mmoja, na pembeni yake kuna weusi wa kutu. Misumari ilipita kwenye mguu ikaingia kwenye kichwa cha ubao wa fremu, yaani mwisho wake uliokatwa, ikifuata nyuzi badala ya kuzivuka. Msumari ukiingia hivyo hushika kidogo sana, kwa sababu unazitenganisha nyuzi tu na hakuna kinachoubana. Kiangazi mbao inakauka, tundu linalegea. Mvua zikirudi mbao inavimba na kuusukuma msumari. Baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo, mtu akiikokota meza kwa ubavu, inaachia. Nimeona meza nyingi mjini zikitupwa jikoni zichomwe, na mbao zake ni nzima kabisa.

Mji wetu uko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ina misimu miwili isiyofanana hata kidogo. Mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kuisha Machi au Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, na ngozi ya mikono inapasuka. Mbao inanywa na kutoa maji kufuata hewa hiyo. Kwa urefu karibu haibadiliki. Inabadilika kwa upana na kwa unene, na upande unaofuata pete za mti hutembea karibu mara mbili ya ule unaotoka kwenye kiini kwenda gome. Kwa hiyo popote mbao mbili zinapokutana kwa pembe, moja inatembea na nyingine imesimama. Kiungo kinachofaa ni kile kinachoziacha zote mbili zifanye hivyo bila kuachana. Nitakuwa narudi kwenye jambo hili mpaka kazi iishe.

Mwisho wa Julai, kutafuta mbao

Nimepita kwenye depo za mbao za barabara ya Kasenga. Mama alikuwa ametaja mukula kwa sababu ya wekundu wake. Nimemweleza kwa nini sitaki. Mukula wa Katanga umekatwa sana ukapelekwa China, na tangu 2019 mti huo uko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi. Ninaouona sokoni sasa ni mabaki: vipande vyembamba, vingine bado vibichi.

Nimechagua mulombwa, ule ambao wenzetu wa Tanzania wanauita mninga. Nao, pamoja na jamaa zake wote wa Afrika, uliingizwa kwenye orodha ile ile mwaka 2022. Sababu zaidi ya kutoharibu hata kipande. Kinachoufanya ufae kuliko mbao nyingine zote ninazozijua kwa meza pana ni utulivu wake. Kwenye uso wa meza wenye upana wa sentimita 90, kutoka mwisho wa kiangazi hadi katikati ya mvua, nategemea utembee milimita tatu au nne. Mkaratusi wa upana huo ungevuka sentimita moja. Mtu akipewa mbao inayotembea kidogo, kila kiungo kinampa nafasi zaidi.

Nimenunua pia kipande kifupi cha mubanga, kizito na kigumu, kwa ajili ya kabari. Mupapa ulikuwepo, mzuri, ila muuzaji alikuwa ameuchanganya na vipande vyenye kiini kilichopasuka, na sikutaka kubishana naye kutwa.

Mbao za mulombwa nimezipanga ndani ya karakana na vijiti katikati yake ili hewa ipite, zikae mpaka zizoee hewa ya hapa. Kila ubao nimeandika kwa chaki kwenye kichwa chake upande ambao pete zinaangalia.

Mwanzo wa Agosti, mchoro

Swali la kwanza: sehemu gani ya meza itafunguliwa na ipi haitafunguliwa kamwe? Nyumba za kupanga zina milango ya sentimita 80, wakati mwingine chini ya hapo, na korido zinazokunja. Meza ya mita mbili kwa sentimita 90 yenye miguu minne iliyogundishwa haipiti ikiwa imesimama, na ukiilaza unaibeba kwa miguu, yaani unavivuta viungo vyote vibaya. Hivyo ndivyo ile ya zamani ilivyokufa.

Basi meza hii itakuwa na vipande vinne vinavyoachana: uso, stendi mbili, na ubao wa kati unaozishika stendi. Kila stendi ni kama herufi I: mguu wa chini unaolala sakafuni, nguzo moja pana, na kichwa kinachobeba uso. Ndani ya stendi viungo ni vya kudumu. Kati ya stendi na ubao wa kati viungo vinafunguka kwa nyundo ya mbao tu, bila spana.

Wenzangu wawili wameniuliza kwa nini nisitumie boliti, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Boliti inashika vizuri siku ya kwanza. Kiangazi kikija, mbao iliyo chini ya washa (kile kibati cha duara chini ya nati) inapungua unene wakati chuma hakipungui, na nati inabaki imelegea. Mwenye meza anakaza. Mvua inarudi, mbao inavimba chini ya washa iliyokazwa na nyuzi zake zinapondeka. Kiangazi kinachofuata anakaza tena, na mwishowe washa imezama ndani ya nguzo. Kabari ya mbao inashuka yenyewe kadiri nguzo inavyopungua, na mtoto wa nyumbani anaweza kuigonga.

Kona za mshazari, zile za digrii 45 zinazopendwa kwenye fremu za picha, sizitumii popote kwenye kazi hii. Ubao ukipungua upana, mshazari unafunguka upande wa ndani. Ukivimba, unafunguka upande wa nje. Kwa fremu nyembamba haionekani. Kwa ubao wa sentimita tisa, hapa kwetu, nyufa zinakuja na kuondoka kila mwaka mpaka gundi inakufa.

Katikati ya Agosti, ulimi na tundu

Hiki ndicho kiungo kikuu cha stendi: mwisho wa ubao mmoja unapunguzwa ukawa ulimi, nao unaingia kwenye tundu la ubao mwingine. Nimekipa muda mwingi kuliko vingine vyote.

Nguzo ina upana wa milimita 140 na unene wa 70. Mguu wa chini una unene wa 80 na kimo cha 90. Kanuni ya zamani ya mafundi ni ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao, kwa hiyo hapa ingekuwa 23. Keekee yangu ya mkono, ile ya kutobolea, ina ncha ya 22, basi ulimi ni 22. Afadhali kufuata chombo ulicho nacho kuliko kupanua tundu kwa patasi pande mbili kwa ajili ya milimita moja.

Kwa nguzo pana hivi sikukata ulimi mmoja. Ulimi wa milimita 140 ungedai tundu la urefu huo huo kwenye mguu, na mguu ungebaki umetobolewa katikati yake yote. Nimekata ndimi mbili zenye upana wa 45 kila mmoja, na kati yake pengo la 30 ambapo mguu unabaki mzima. Pembeni kunabaki bega, yaani ngazi pale ulimi unapoanza, la 10 kila upande, linafunika ukingo wa tundu.

Tundu lina kina cha milimita 65. Nimeacha 25 chini yake bila kutoboa, kwa makusudi. Katika nyumba nyingi hapa sakafu inapigwa deki kila asubuhi kwa maji mengi. Tundu likitoka hadi chini, maji yanapanda kwenye kichwa cha ulimi, na kichwa cha ubao hunywa maji haraka kuliko upande wowote mwingine.

Kuchora ni kwa kisu, si kwa penseli. Mstari wa penseli una unene. Mstari wa kisu unakata nyuzi za juu, na patasi inajilaza ndani yake bila kuhangaika. Bega la ulimi nimelichora kuzunguka nguzo pande zote nne kwa skwea iliyoegemea daima uso ule ule mmoja ulionyooshwa kwanza. Huo uso nauwekea alama kabla ya kitu chochote. Ukibadilisha uso wa kuegemea katikati ya kazi, mistari haitakutana kwenye pembe ya nne.

Halafu msumeno. Mashavu ya ulimi, yaani pande zake pana, kwanza, ubao umesimama kwenye jiriwa (kibano cha meza ya kazi) ukiinamishwa kidogo, nikikata pembe moja hadi nione mistari miwili kwa pamoja, kisha naugeuza. Mabega mwisho. Naacha nywele moja ya mbao nje ya mstari na kuimalizia kwa patasi, nikisukuma kutoka kila upande kuelekea katikati ili ukingo usimeguke. Bega likiwa na uvimbe katikati, hata wa unene wa karatasi, kiungo hakifungi pembeni, kwa hiyo nalichimba ndani kidogo sana katikati yake. Hapo hapaonekani kamwe.

Jaribio langu la ulimi ni hili: uingie kwa kusukumwa na kiganja na kugongwa kidogo mwishoni, bila gundi. Ukiingia wenyewe, gundi nyeupe haitaujaza utupu ule. Gundi hiyo inashika mbao iliyogusana na mbao. Ukidai nyundo nzito, utapasua mashavu ya tundu.

Umeme umekatika karibu siku zote za kazi hii. Haikunizuia, kwa kuwa keekee, msumeno na patasi ni vya mkono, ila jirani mwenye mashine ya kuranda amesubiri sana.

Bado Agosti, vigingi

Mguu wa zamani wa mkaratusi umepata kazi. Nimeupasua kwa shoka dogo, sikuuchana kwa msumeno. Kipande kilichopasuliwa kina nyuzi zinazokwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kinapinda bila kukatika. Mkaratusi ule umekauka miaka mingi na unapasuka ukiwa umenyooka. Vigingi vya unene wa milimita 10, ncha zimechongwa zikawa nyembamba.

Kuvuta kwa kigingi kunafanyika hivi. Natoboa tundu la 10 kupita mashavu ya mguu, milimita 25 chini ya ukingo wa juu, ulimi ukiwa haujaingia. Naingiza ulimi, naweka alama ya katikati kwa ncha ya keekee, nautoa. Sasa ulimi nautoboa si kwenye alama hiyo, bali milimita moja na nusu karibu zaidi na bega. Kigingi kikipigwa kinalazimika kupinda kupita matundu mawili yasiyolingana, na kwa kupinda kinauvuta ulimi chini hadi bega libane. Ukienda upande usiofaa, mbali na bega, kigingi kitausukuma ulimi nje. Kwa mbao laini unaweza kwenda milimita mbili au zaidi; kwa mulombwa moja na nusu yatosha.

Faida kubwa ni kwamba sihitaji klampu (vibano) ndefu. Nimepaka gundi, nimeingiza, nimepiga vigingi, na stendi imejifunga yenyewe. Kazi ya gundi nimeipanga baada ya saa nne asubuhi, jua likiwa limefika karakana. Gundi nyeupe ikipakwa kwenye baridi kali inakauka nyeupe na kumeguka, haishiki.

Na neno kuhusu vumbi: la mulombwa linawasha pua na kifua, kuna watu wanapata pumu nalo. Kijana wangu wa kazi anafunga kitambaa puani, na kupiga msasa tunafanyia nje, mgongo ukiwa upande unakotoka upepo.

Mwanzo wa Septemba, ubao wa kati na kabari

Joto limeanza. Ubao wa kati una kimo cha milimita 120 na unene wa 40. Kimo hicho ndicho kinachozuia meza kuyumba kwa urefu wake; ubao mwembamba wa kimo cha 60 ungezishika stendi zisiachane lakini ungeziacha zicheze.

Ulimi wake unapita nguzo nzima ya milimita 70 na kutokeza nje 110. Kwenye sehemu iliyotokeza kuna tundu la wima ambamo kabari ya mubanga inashuka. Mambo mawili yanaamua kama kiungo hiki kitafanya kazi au kitakuwa pambo.

La kwanza ni mahali ukuta wa ndani wa tundu la kabari ulipo. Wengi wanautoboa sawasawa na uso wa nje wa nguzo. Ukifanya hivyo, kabari inabana ndani ya tundu lake lenyewe kabla ya kuigusa nguzo, na haivuti kitu. Ukuta huo nimeurudisha ndani milimita nne, chini ya uso wa nguzo, ili kabari iegemee nguzo yenyewe. Mulombwa ukikauka na nguzo ikapungua unene, bado kuna nafasi ya kabari kushuka.

La pili ni mbao inayobaki mbele ya tundu. Kabari inasukuma kuelekea mwisho wa ulimi, na nyuzi zinaweza kuteleza zikatoka kama kizibo. Nimeacha karibu sentimita nane. Wanaofupisha hapo kwa ajili ya uzuri wanapata ulimi uliopasuka siku ya kuhama.

Mteremko wa kabari ni moja kwa nane: kila milimita nane za urefu, upana unabadilika moja. Ukuta wa nje wa tundu nimeuchonga kwa mteremko ule ule, nikipima kwa kabari yenyewe iliyopakwa makaa ya penseli: inapoacha weusi ndipo panapogusa, ndipo patasi inapopita. Weusi ulipotapakaa ukuta wote nikasimama. Nimejaribu meza bila uso: nimezigonga kabari, nimekamata kichwa cha stendi moja na kukisukuma kwa nguvu zote. Haikuyumba. Kijana amepanda juu ya ubao wa kati, ikabaki vilevile.

Septemba, uso wa meza

Mbao tano, unene wa milimita 35, zimegundishwa ubavu kwa ubavu. Kiungo cha ubavu hakina ulimi wala vijiti. Nyuzi zinakwenda njia moja, zinatembea pamoja, na gundi kwenye ubavu uliorandwa vizuri hushinda nguvu ya mbao yenyewe. Jambo la kuangalia ni randa. Ubavu nauranda ukiwa na shimo dogo sana katikati, kiasi cha kuona mwanga mwembamba ukisimamisha ubao mmoja juu ya mwingine. Klampu moja ya katikati inalifunga shimo hilo, na ncha mbili zinabaki zimebanwa daima. Ncha ndizo zinazokauka kwanza, ndizo zinazofunguka kwanza.

Kwenye kila mwisho wa uso kuna ubao wa kufunika, umekatiza nyuzi, ili uso usijikunje. Hapa ndipo mbao inayotembea inapokutana na isiyotembea, mgongano mkubwa kuliko wote kwenye meza hii: uso wa sentimita 90 unabadilika upana, na ubao wa mwisho haubadiliki urefu. Ukigundisha wote, uso utapasuka katikati kabla ya mwaka kwisha. Nimekata ulimi mfupi wa milimita 15 kwa upana wote, na ndani yake ndimi tatu ndefu za 60. Ulimi wa katikati umegundishwa na kufungwa kwa kigingi. Ndimi za pembeni hazina gundi, na matundu ya vigingi ndani yake yamerefushwa kwa tupa ndogo, milimita nne kila upande. Uso unafunguka na kujifunga kutoka katikati kwenda pembeni, na ubao wa mwisho unabaki umeshikwa.

Halafu kuna suala la urefu wa ubao huo wa mwisho. Tuko mwisho wa kiangazi, uso uko katika wembamba wake wa mwaka mzima. Nikikata ubao wa mwisho ulingane nao leo, mvua zikija uso utautokeza kila upande na kuwakwaruza watu mapaja. Nimeukata mrefu zaidi, milimita mbili kila upande. Mama alipokuja kuangalia akapitisha kidole pale penye ngazi, akaniuliza, "Papa fundi, hapa haijaisha?" Nimemwambia, "Mama, tungoje mvua, itajimalizia."

Uso unakaa kwenye vichwa vya stendi kwa vigingi vitatu vilivyosimama kila upande. Cha katikati kinaingia kwenye tundu la duara, vya pembeni kwenye matundu marefu. Komeo dogo la mbao linazunguka chini na kuufunga usinyanyuke. Vanishi nimepaka juu na chini kwa kiasi sawa. Uso uliopakwa juu tu unanywa maji kutoka chini na kujikunja.

Mwisho wa Septemba, droo

Mama ameomba droo ya vijiko chini ya uso. Ni ndogo, ila ndiyo inayovutwa mara nyingi kuliko kitu chochote kwenye meza, na kila mvuto unajaribu kuung'oa ubao wa mbele kutoka kwenye ubavu. Kwa mvuto wa namna hiyo mkia wa njiwa, kiungo cha ndimi zinazopanuka kuelekea ncha, hauna mshindani. Mikia inakatwa kwenye mbavu, meno yanayoipokea kwenye ubao wa mbele, na kwa umbo lake ubavu hauwezi kutoka kuelekea nyuma hata gundi ikifa.

Mteremko wa mikia ni moja kwa nane kwa mbao ngumu hii. Kwa mbao laini ningeenda moja kwa sita. Nakata mikia kwanza, kisha nauweka ubavu juu ya kichwa cha ubao wa mbele na kuchora meno kwa kisu kufuata mikia yenyewe. Hakuna kupima mara ya pili. Msumeno unapita upande wa kutupwa wa mstari, na mstari unabaki. Mbele nimeificha mikia nusu, nyuma imetokeza wazi.

Oktoba, mabenchi

Kazi ya haraka. Ubao mmoja wa kukalia kila benchi, unene wa milimita 45, miguu minne iliyotanuka kidogo, kila mguu una ulimi wa duara unaopenya ubao hadi juu. Kabari ya mubanga inapigwa juu ya ulimi ndani ya ufa uliokatwa kwa msumeno. Jambo la kutosahau ni mwelekeo wa ufa: ukatize nyuzi za ubao wa kukalia. Ukifuata nyuzi, kabari itaupasua ubao mbele ya macho yako. Nimemwachia kijana benchi la pili lote, na mwelekeo wa kabari amenionyesha yeye kabla sijauliza.

Katikati ya Oktoba, kupeleka

Vipande vimepita mlangoni kimoja kimoja. Uso una uzito wa kilo 40 hivi, watu wawili wanaubeba bila shida. Nimewapa watoto wakubwa wa nyumba nyundo ya mbao na kuwaacha waiunganishe wenyewe, nami nimesimama pembeni. Walichoulizia ni kabari ipi inakwenda wapi, kwa hiyo nimezichonga alama, moja na mbili, na kwenye ndimi alama zile zile. Nimewaambia wazigonge kidogo mwezi wa nane kila mwaka. Jioni ile ile sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa juu ya meza.

Novemba, mvua imekaa

Nimepita kuangalia baada ya mvua kushika vizuri. Upande wa dirisha uso umelingana na ubao wa mwisho, kidole hakisikii kitu. Upande wa ukuta bado kuna nusu milimita, na Januari itauziba. Kabari moja imepanda kidogo, ikionyesha kwamba nguzo imevimba. Nimeiacha hivyo, bado inashika. Mabega ya stendi yamefunga pande zote, karatasi haipiti. Droo ilikuwa inakwaruza juu, upande wa kushoto, nikaipitishia randa mara mbili hapo hapo, na mama akairudisha mwenyewe. Sasa anataka kabati la vyombo, nalo la kufunguka. Kwa milango yake nafikiria fremu ya ulimi na tundu yenye ubao mwembamba unaoelea ndani ya mfereji bila gundi, na kwa sanduku lake mkia wa njiwa kwenye pembe nne za juu. Kilichobaki ni kuamua jinsi rafu zitakavyotoka. Mbao nitazitafuta Mei.